Kwenda Saa Sita, Kurudi Saa Nne

Tangu Bwana Mshamu alipoondoka siku ya Jumatatu, nyumba ya Mzee Mtoro pale Ikwiriri ilikuwa na swali moja tu. Kila aliyepiga hodi, hata jirani aliyekuja kuomba kaa la moto, aliulizwa: imekuwaje ndege iende Maskati kwa saa sita, kisha irudi kwa saa nne, na njia ni ile ile?

Swali lilianza na kikaratasi. Bwana Mshamu alikuwa mshenga. Alikuja kumposa Mwanawetu, binti mdogo wa Mzee Mtoro, kwa niaba ya Ridhiwani, kijana wa kijiji cha Mkongo, fundi wa majokofu, aliyekuwa amekaa Maskati miaka miwili na sasa yuko nyumbani kwa likizo ya mwezi mmoja. Ili kuonyesha kwamba huko si mbali, mshenga alinakili saa za safari kutoka kwenye tiketi ya kijana. Kwenda, ndege inaruka Dar es Salaam saa nne asubuhi, inatua Maskati saa kumi alasiri. Kurudi, inaruka Maskati saa mbili asubuhi, inatua Dar es Salaam saa sita mchana.

"Saa nne tu, mzee mwenzangu," alisema Bwana Mshamu, akikunja vidole kimoja kimoja. "Binti akikukumbuka asubuhi, adhuhuri yuko Dar. Maskati ni hapo tu."

Neno hilo "hapo tu" ndilo lililoharibu. Mzee Mtoro alikiweka chini kikombe chake cha kahawa.

"Waliomchukua Salima pia waliniambia ni hapo tu."

Salima alikuwa binti yake mkubwa. Aliolewa Kiongoroni, kule chini delta karibu na bahari, na siku ya posa mshenga wake alisema bamvua, yale maji makubwa ya baharini, likijaa tu, umefika. Kumbe bamvua lina siku zake, na boti ina siku zake, na injini ya boti nayo ina siku zake. Mama yao alipofariki, habari ilipelekwa asubuhi ile ile. Salima alifika siku ya tatu. Alikuta kaburi limeshaanza kukauka juu, akalala pale kifudifudi mpaka wanawake wakamwinua. Tangu hapo Mzee Mtoro alijiwekea sharti: Mwanawetu ataolewa mahali ambapo habari ikitoka alfajiri, yeye awe hapa kabla ya alasiri, kwa kuwa alasiri ndipo watu wanapozikwa.

"Wewe umepanda ndege?" alimuuliza mshenga.

"Mimi? La, sijapanda."

"Basi mwambie aliyepanda aje mwenyewe anipimie njia. Alhamisi, baada ya adhuhuri."

Shangazi Mwanaharusi, dada yake Mzee Mtoro, aliyehamia pale kumsaidia kaka yake tangu alipofiwa, nusura aangushe sinia. "Mposaji aje mwenyewe? Kaka, watu watasema nini?"

"Watasema Mtoro amezeeka. Si uongo."

Kwa siku tatu hizo Mwanawetu hakuwa na raha. Kazi yake ilikuwa kuandika kitabu cha wageni kwenye gesti karibu na kituo cha mabasi: jina, anakotoka, anakokwenda. Alikuwa na tabia ya kuwauliza wageni safari zao, si kwa umbea, ila alipenda kujua mahali palivyo. Sasa akawauliza hili. Dereva wa lori la mpunga alimwambia ni upepo, ndege ikirudi husukumwa kwa nyuma. Mwalimu mmoja aliyekuwa akihamia Utete akachora duara pembeni ya kitabu, akasema dunia inazunguka, kwa hiyo Dar es Salaam yenyewe inakuja kuilaki ndege. Akaufurahia sana mchoro wake hata akasahau ufunguo wa chumba.

Shangazi hakuhitaji mchoro.

"Ni kupandisha na kuteremka," alisema, akipepeta mchele. "Hujapanda mtumbwi wewe? Ukiteremka mto na maji, unafika kabla nguo haijakauka mwilini. Ukipandisha, unasukuma upondo mpaka mikono inakufa ganzi. Kwenda Uarabuni ni kupandisha. Kurudi, kuteremka."

"Lakini angani hakuna mto, shangazi."

"Umekwenda ukaona?"

Mwanawetu akacheka, ila moyoni swali liliendelea kumla. Barua ambazo Ridhiwani alimwandikia miaka hiyo miwili zilichukua majuma matatu kumfikia. Alizihifadhi ndani ya mkoba wa mama yake, na kila alipofungua moja alijiuliza: karatasi majuma matatu, mtu saa chache, sasa Maskati iko wapi hasa? Iko mbali kama barua, au iko karibu kama mtu?

*

Alhamisi, Ridhiwani aliwahi. Mzee Mtoro alikuwa bado msikitini, na shangazi alikuwa amekwenda kwa jirani kuazima vikombe visivyokuwa na ufa. Mwanawetu alisikia kuku wakipiga kelele uani, akatoka na ufagio mkononi.

Kuku walikuwa wameingia kwenye ufuta ulioanikwa. Ridhiwani alikuwa amevua viatu, anawafukuza kwa kofia yake taratibu, akizunguka pembeni ya jamvi ili asiikanyage hata punje moja. Kanzu yake nyeupe ilikuwa imeshashika vumbi kwenye pindo. Alipowamaliza kuku, alichuchumaa akazirudisha ndani kwa kiganja zile punje zilizotawanyika. Hakujua kwamba anatazamwa.

Mwanawetu alisimama na ufagio wake. Miaka miwili alikuwa akiukumbuka uso tu, akasahau mikono.

"Ridhi."

Akainuka upesi. "Mwana. Nilipiga hodi, hakuna aliyeitika. Nikawaona hawa wezi."

Macho yao yalikaa pamoja zaidi kidogo kuliko inavyofaa. Tangu arudi walikuwa wameonana mara mbili tu, zote mbele za watu, na mara zote mbili walizungumzia joto.

"Baba yuko msikitini," Mwanawetu alisema kwa sauti ya chini. "Nisikilize kabla shangazi hajarudi. Atakuuliza njia. Mwambie saa nne."

"Saa nne?"

"Za kurudi. Bwana Mshamu ameshazisema na karatasi inazo. Wewe itikia tu, usiongeze neno."

"Na za kwenda?"

"Za kwenda zina nini? Yeye anachotaka ni nirudi."

Ridhiwani alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Mwana, si saa nne."

"Najua kwenda ni sita, lakini..."

"Wala si sita."

Mwanawetu alimkazia macho. Hamu ya kujua ikampanda juu ya hofu yote. "Sasa ni ngapi?"

"Hee!" Shangazi alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba, vikombe vimejaa kifuani. "Mposaji ameanza kuposa uani! Bwana mdogo, mlango wa wageni uko mbele. Na wewe, ufagio huo unafagia nini, hewa?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Haya, vaa viatu vyako."

*

Walikaa barazani. Mzee Mtoro alikaa kwenye kiti chake chini ya mizani iliyoning'inia kwenye boriti. Alikuwa mpimaji wa ufuta kwa miaka ishirini na miwili, kwanza kwa chama cha ushirika, na sasa wanunuzi walipokuwa wakija kila mmoja na mizani yake, wakulima walipita kwanza kwake kupima bure kabla ya kwenda kuuza. Ridhiwani alionyeshwa kiti, akakaa kwenye mkeka. Mwanawetu na shangazi walikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, mahali pa kusikia.

"Nimekuita mwenyewe," Mzee Mtoro alianza. "Najua si desturi."

"Nimeshukuru kuitwa, baba."

"Nina maswali mawili. La kwanza ni la wote, maana mji mzima umekosa la kufanya. Kwenda saa sita, kurudi saa nne. Dada yangu anasema ni kupandisha na kuteremka. Ni kweli?"

Ridhiwani alikung'uta vumbi kwenye pindo la kanzu. Alitazama mkeka, kisha pazia. Mwanawetu alifumba macho. Jibu lilikuwa limeshapikwa, limepakuliwa, limewekwa mbele yake. Kilichobaki ni kunawa. Itikia, alimwambia moyoni. Itikia tu.

"Si kweli, baba. Kwenda ni saa tano. Kurudi ni saa tano."

"Na hiyo moja inayopotea?" Sauti ya shangazi ilitoka nyuma ya pazia kabla mwenyewe hajaizuia.

Mzee Mtoro akakohoa. "Mlango umeuliza. Ujibu."

Ridhiwani alivua saa yake ya mkononi, akaisogeza mbele ya mzee kwa mikono miwili. "Hii inasema saa ngapi?"

Mzee Mtoro aliitazama, kisha akageuka kuitazama ile ya ukutani. "Saa nane na robo. Iko sawa."

"Iko sawa hapa. Maskati, dakika hii, ni saa tisa na robo. Jua linawafikia wao kwanza, kwa hiyo saa zao zimetangulia kwa moja. Tiketi inaandika saa ya mji ule ndege iliko. Ukienda, unahesabiwa saa moja ambayo hukuiruka. Ukirudi, unapunguziwa moja uliyoiruka. Lakini kwenye kiti unakaa tano, kote kote."

Nyuma ya pazia Mwanawetu aliona jambo hilo likifunguka kichwani mwake kama mlango: jua linapita juu ya Maskati kwanza, halafu linakuja kwake. Kwa hiyo kila asubuhi aliyoamka, Ridhiwani alikuwa ameshaiona. Alisahau kukasirika kwa muda.

Mzee Mtoro naye aliigeuzageuza ile saa. "Na hii mbona ni ya hapa? Uliibadili ulipotua?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Sikuwahi kuibadili, baba."

"Miaka miwili?"

"Miaka miwili. Siku ya kwanza nilichelewa kazini saa nzima. Msimamizi akanigombeza Kiarabu, nikashukuru kwamba sielewi. Wenzangu wakaniambia niisogeze mbele. Nikaishika niisogeze, nikashindwa. Nikawa nasoma ya huku, najumlisha moja kichwani."

"Ya huku ilikuwa na faida gani kwako?"

Ridhiwani aliujibu mkeka, si mzee.

"Kuna mtu hufungua kitabu cha wageni saa moja asubuhi."

Shangazi alimfinya Mwanawetu mkono mpaka akauma midomo.

"Haya," Mzee Mtoro alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika kidogo, ila akaikaza tena. "La pili ndilo langu. Tuseme nimekufa."

"Mungu aepushe, baba."

"Hatoepusha, huwa haepushi. Tuseme nimekufa alfajiri ya leo, na simu imekufikia huko Maskati asubuhi hii hii. Sisi tunazika alasiri. Mke wako anafika lini?"

Mwanawetu alishika pazia. Hapa pangekatika au pangeungika.

"Ndege ni mara mbili kwa juma," Ridhiwani alisema polepole. "Akibahatika, anaondoka kesho. Asipobahatika, siku ya nne. Anatua Dar mchana, na mabasi ya huku yameshaondoka tangu alfajiri. Analala. Kesho yake, kama ni kiangazi kama hivi, anafika hapa alasiri."

"Na masika?"

"Masika siwezi kusema, baba. Mwaka ule nilipoondoka ilikuwa masika. Basi lilikwama kabla ya Kibiti, tukashuka tukasukuma, likakwama tena mbele. Kutoka hapa mpaka Dar nilitumia siku mbili. Kilomita mia na sabini hivi. Kisha nikaruka karibu kilomita elfu nne kwa saa tano."

"Yaani Dar ni mbali kuliko Maskati!"

"Masika, ndiyo."

Mzee Mtoro alitoa mguno ambao ungeweza kuwa kicheko. Halafu akauliza, "Kwa hiyo hatowahi."

"Hatowahi, baba." Ridhiwani aliinua uso. "Hata kwa bahati yote, hatowahi. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi, maana mimi nami nina mama. Sikutaka kuja kukwambia vingine."

Mwanawetu aliegemea ukuta. Alimwambia neno moja tu aliseme, na ameshindwa. Miaka miwili ya kujumlisha moja kichwani, na leo anashindwa kupunguza moja! Machozi ya hasira yalimjaa. Na chini ya hasira palikuwa na kitu kingine, kitu kama fahari, ambacho hakutaka kukitazama.

Mzee Mtoro aliinua mkono akaigusa sahani ya mizani juu yake, ikayumba, akaiacha itulie yenyewe.

"Mtu akiweka kidole kwenye mizani," alisema, "sitazami kidole. Natazama bega. Bega hushuka. Waliomposa Salima mabega yao yalishuka, nikayaona, nikajifanya sikuyaona kwa sababu kijana alikuwa wa ukoo mwema. Leo nimekutazama tangu ulipoketi. Kidole cha Bwana Mshamu kilikuwa kwenye mizani, ukakiondoa mwenyewe. Kilikuwa kinakusaidia, ukakiondoa."

Mzee Mtoro alivuta kiti karibu na mkeka.

"Sasa ngoja nikwambie nami. Marehemu mke wangu hakuulizia mazishi hata siku moja. Alichokuwa akiuliza, kila bamvua, ni hivi: Salima hajaja? Kila bamvua anapika samaki wa kumtosha mtu mmoja zaidi. Miaka minne, mtoto alikuja mara moja. Na mimi alipokufa nikashika siku ile moja ya kaburi, nikaifanya ndiyo kipimo." Alisugua magoti yake. "Nikishazikwa, nitajuaje nani amekuja? Nimekuwa nikipima siku ambayo mimi mwenyewe sitakuwepo."

Akageuza uso kwenye pazia.

"Mwanawetu. Njoo."

Alitoka akiwa ameinamisha kichwa, kanga imevutwa mpaka kwenye paji la uso. Alikaa karibu na miguu ya baba yake.

"Umesikia njia ilivyo. Hakuna aliyekupunguzia. Unamtaka?"

Mwanawetu alinyamaza, na kimya cha binti mbele ya swali hilo kila mtu pale alijua maana yake. Lakini Mzee Mtoro hakuridhika na kimya.

"Sema kwa mdomo. Safari ni yako."

"Namtaka, baba."

"Basi mahari ni haki yako, si yangu. Itaje."

"Cherehani!" Shangazi alinong'ona kwa nguvu kutoka ndani. "Taja cherehani na kitanda cha mninga!"

Mwanawetu aliinua macho. Alimtazama Ridhiwani kwa mara ya kwanza tangu atoke nyuma ya pazia, na hakuwa na hasira tena, au kama ilikuwepo alikuwa ameiweka kando kwa siku nyingine.

"Nataka tiketi ya kurudi," alisema. "Kila mwaka, kiangazi, ufuta ukiwa uani. Na ikae mkononi mwangu, isikae mkononi mwake."

Mzee Mtoro hakumtazama binti yake. Alimtazama kijana. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Unaiweza?"

Hata hapo Ridhiwani hakukimbilia kuitikia. "Mimi mkataba wangu unanipa likizo kila baada ya miaka miwili. Kila mwaka siwezi kuja." Akafikiri. "Lakini hakunitaja mimi. Amejitaja yeye. Tiketi ya mtu mmoja, kila mwaka, hiyo naiweza."

"Anahesabu hata pale anapopewa mke," shangazi alisema, sasa amejitokeza mlangoni waziwazi na birika la chai. "Utakula naye kwa kijiko cha kupimia, Mwanawetu."

Wote wakacheka, na kicheko kikafungua baraza. Chai ikamiminwa. Vikombe vya jirani vilikuwa vizima kweli. Mwanawetu alipompa Ridhiwani chake, alikizungusha ili mshikio uwe upande wake, na yeye akasema ahsante kwa sauti ambayo haikufika kwa mtu mwingine.

Mzee Mtoro aliiokota ile saa ya mkononi, akamrudishia mwenyewe.

"Na hii? Akishakuwa kule nawe, utaiweka ya kule?"

Ridhiwani aliifunga kwenye kifundo cha mkono. "Nadhani sasa nitaibadili, baba. Niliyekuwa namhesabia atakuwa nami."

"Usiibadili," Mwanawetu alisema.

Wakamgeukia. Binti anayeposwa hasemi bila kuulizwa, na alilijua hilo, na uso ulimwaka moto. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, akalimalizia.

"Baba atakuwa huku."

Mzee Mtoro aliinuka ghafla kwenye kiti chake. Alisema kuku wameingia tena kwenye ufuta, anakwenda kuwafukuza. Uani palikuwa kimya; hapakuwa na kuku hata mmoja. Walimwacha aende, na shangazi akakifunika kikombe chake kwa sahani ili chai isipoe.